Kibali kimefika, damu imeoza
(Barua ya wazi kutoka Kanyosha, Bujumbura)

Mheshimiwa Mkuu,

Ofisi yako sitaitaja. Wanaoshinda kwenye benchi la mlangoni kwako wanaijua, nawe unajijua.

Kwanza nakushukuru. Kibali nilichoomba Septemba 2022, cha kupeleka seramu ya ng'ombe maabara Morogoro, Tanzania, nimekipokea mwishoni mwa 2025. Ni karatasi nzuri: mihuri miwili, saini ya wino wa buluu, ruhusa ya kusafirisha vichupa 312 "kutoka mkoa wa Kirundo". Ila mkoa wa Kirundo haupo tena, Mheshimiwa. Mikoa 18 imekuwa mitano nikiwa bado kwenye benchi lako, na Kirundo imeingizwa Butanyerera. Damu nayo haipo.

Mwaka 2022 unaukumbuka. Homa ya Bonde la Ufa ilishika kaskazini, ng'ombe wakatupa mimba, serikali ikafunga minada na kuzuia kuchinja. Mimi, mwanafunzi wa uzamivu wa tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nilipanda kilima hadi kilima na boksi la barafu begani. Ng'ombe anashikwa pembe, unabonyeza shingo mpaka mshipa uvimbe, sindano inaingia, yeye anakukanyaga mguu. Jioni unamimina seramu kwenye vichupa kwa taa ya simu, unaandika namba kwa kalamu isiyofutika. Mama mmoja, ambaye ng'ombe wake watatu walitupa mimba ndani ya wiki moja, alinishikia kamba mwenyewe. Akaniuliza: "Mwanangu, majibu lini?" Nikasema miezi mitatu.

Kwenu dosiye inaweza kulala hata miaka, ikiamka ni ileile. Damu haina subira hiyo. Ng'ombe akipata homa hii, kingamwili za mwanzo hujitokeza baada ya siku chache, kisha miezi ikipita hupotea. Zinazobaki ni za kudumu, nazo husema tu kwamba mnyama aliwahi kuugua; lini, hazisemi. Akishachanjwa ndiyo basi kabisa, kwa sababu kipimo cha kawaida hakitofautishi chanjo na ugonjwa. Damu ya 2022, Mheshimiwa, ilipatikana 2022. Hakuna kilima nitakachopanda leo nikaikuta.

Na nilijitahidi kuilinda. Umeme ulipokatika kwenye maabara iliyonihifadhia, nilinunua mabonge ya barafu kwa wauza samaki wa mukeke hapa Kanyosha nikayapeleka kwa teksi, dereva akinitazama kama mwizi wa maiti. Mwaka 2024, mafuta yalipoadimika mjini, nililala kwenye foleni na kidumu cha lita 20 ili jenereta ya maabara ile iwake. Karani wako siku hizo alikuwa akiniambia "rudi Jumatatu". Siku niliyofungua friza baada ya katizo la mwisho, trei ilikuwa inaelea kwenye maji. Seramu inayotakiwa kung'aa kama mafuta ya alizeti ilikuwa na ukungu, inanuka. Namba zilisomeka vizuri tu. Kalamu ilikuwa kweli isiyofutika.

Ufadhili wangu umekwisha, na usajili wa chuo pia. Hayo nimeyameza. Damu ya 2022 ndiyo siwezi kuimeza.

Usidhani napinga vibali. Kirusi cha homa hii kilitambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 2007 kiliua watu zaidi ya 100 Tanzania. Sitaki kisafiri kwenye begi la mtu kati ya shati na viatu. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ya rasilimali za kijenetiki, nimeisoma pia, najua nchi ina haki juu ya kilicho chake. Lakini haki hiyo mmeitumiaje? Mmezuia damu isitoke, ikaozea humuhumu, nchini mwake, kizalendo kabisa. Hata "hapana" ingenifaa! Ningeambiwa hapana Oktoba 2022, ningebadili mada, ningeomba hata vitendanishi viletwe huku. Nilichopewa ni Jumatatu.

Naomba basi kila ombi lijibiwe ndani ya siku 30, kwa ndiyo au kwa hapana, na jina la aliyekalia dosiye liandikwe juu yake. Na siombi kwa ajili ya mifugo peke yake: nendeni mkahesabu vijana wa nchi hii waliokwenda kusomea maji, udongo, malaria, wakarudi nyumbani kuchukua sampuli na kuishia kuchukua namba ya foleni. Halafu kwenye semina mnauliza kwa nini utafiti wa Burundi huandikwa na wageni.

Yule mama bado hunipigia mvua zikianza, mbu wanaoeneza homa ile wakiongezeka. Ana mtamba mpya. Majibu haulizi tena, anauliza kama nimekula.

Vichupa nimeviteketeza kwa utaratibu, mbele ya shahidi. Kibali, naona, kimeandikwa kitatumika siku 90. Naomba kujulishwa nikirudishe dirisha lipi, na kama ni Jumatatu.

Wako,
aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu,
Kanyosha