Barza ya beto inayokula ukuta

Katika mji wetu wa Kisangani kuna mtindo ambao lazima tuuite kwa jina lake: uharibifu. Mtu anapata pesa kidogo, analeta simenti, anaita fundi, na ndani ya siku mbili barza ya beto imemwagwa. Imegusana na ukuta wa matofali na iko sawasawa na sakafu ya ndani. Majirani wanakuja kupongeza. Mvua za miaka miwili zikipita, chini ya ukuta panatoka unga mwekundu na chumvi nyeupe.

Sisemi barza ni mbaya. Barza ndiyo sebule yetu: hapo tunapokea wageni, tunakaa matanga, mama anaweka meza yake ya mikate na sabuni. Anayekanyaga tope la Kabondo kila asubuhi anajua kwa nini tunapenda beto. Ninachopinga ni namna inavyomwagwa, pamoja na yule fundi ambaye ukimuuliza maji yatapita wapi, anakujibu: «Papa, beto ni beto.»

Tofali letu la kuchoma linakunywa maji. Mwenye shaka achukue tofali kavu, alisimamishe katika sahani yenye maji ya sentimita mbili, angoje nusu saa, aone unyevu ulivyopanda. Ukuta unafanya vilevile. Zamani mvua iliyourukia ilikauka kwa jua na upepo. Leo chini yake kumefungwa. Tena udongo uliojazwa chini ya barza haukushindiliwa, kwa hiyo beto inashuka polepole, nyumba inabaki mahali pake, na katikati panafunguka ufa. Maji yanaingia humo na hayana pa kutokea isipokuwa kupanda. Mchwa nao wanapata njia ambayo hakuna atakayeiona. Na kama matofali yameunganishwa kwa udongo tu, kama ilivyo kwa nyumba zetu nyingi, ukuta wenyewe unaanza kukaa chini.

Tupige hesabu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, hatuna kiangazi kirefu kama watu wa Lubumbashi. Mvua ya mwaka hapa inapita milimita 1,500, maana yake kila mita ya mraba inapokea zaidi ya lita 1,500. Barza ya mita 3 kwa 6 isiyo na paa inapokea lita 27,000, yaani mapipa 135 ya lita 200. Ikiwa imeinamia nyumba, hata kidogo tu, mapipa hayo unayapeleka ukutani kwa mkono wako, tena kwa simenti uliyoinunua ghali, iliyopanda mto kutoka Kinshasa au iliyokwama wiki nzima kwenye matope ya barabara ya Niania.

Halafu fundi yuleyule anarudi na dawa: kupaka simenti juu ya ukuta uliolowa. Hiyo si dawa. Unyevu unanyimwa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na mwakani unalipa tena. Hapa Makiso kuna kuta zilizosimama tangu mji ukiitwa Stanleyville. Zilivumilia makombora ya siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati yetu. Leo tunaziozesha kwa ajili ya barza. Waliozijenga waliinua sakafu, wakaweka ngazi, wakaacha paa litoke mbali. Hawakufanya hivyo kwa urembo.

Anayeumia zaidi ni mpangaji. Ni yeye anayelala na watoto katika chumba chenye ukungu, na akihama, wako wenye nyumba wanaokata garanti yake wakisema ameharibu ukuta. Mpangaji hakumwaga beto ile.

Kinachotakiwa hakina siri. Barza ishuke sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Iiname kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita, ipimwe kwa mpira wa maji, si kwa jicho. Udongo wa chini ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Wakati wa kumwaga, mbao nyembamba isimamishwe kati ya beto na ukuta. Beto ikikauka itolewe, na nafasi hiyo ijazwe lami. Haya yote hayafikii bei ya kujenga ukuta upya.

Kwa hiyo msilipe pesa yote siku ya kwanza. Bakizeni nusu. Beto ikishakauka, leteni ndoo ya maji, mwageni karibu na mlango, mwangalie yanakokwenda. Yakirudi ukutani, fundi aivunje na kuimwaga upya kwa simenti yake mwenyewe.