FUNDI KUJA KUPIGA HESABU BURE: NI HAKI YAKO AU NI HISANI YAKE?



Juzi baada ya swala ya Isha alinifuata fundi mmoja hapa Karatu mjini. Akakaa kimya mpaka watu wakapungua. "Sheikh, mwezi huu nimeitwa saiti sita. Nimepima, nimeandika hesabu ya nondo, saruji na bati, sijapata kazi hata moja. Saiti moja nimepita nikamkuta mwenzangu anajenga, karatasi yangu iko mkononi mwake. Je, nina haki ya kudai?"

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu nilijikumbuka mimi mwenyewe. Tulipojenga sehemu ya kutawadhia, mimi na wenzangu wa kamati tuliwaita mafundi watatu watupe bei, na tuliyemtaka tulishamchagua. Wale wawili tuliwaita ili tumshushe bei yule wa kwetu. Mmoja alitoka Mang'ola kwa nauli yake, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa chai, nikaona nimemkirimu!

Ndugu yangu, kuulizia bei si dhambi. Tena ujira unatakiwa ujulikane kabla ya kazi. Nabii Musa (a.s.) kule Madyan aliwekewa masharti mapema: miaka minane, na ikitimia kumi ni kwa hiari yake. Kwa hiyo fundi akikwambia "tutaelewana tu", mwambie hapana, tuelewane sasa.

Lakini soma pia Suratul Kahf. Musa na Khidhr waliingia mji, wenyeji wakawanyima chakula, na Khidhr akausimamisha ukuta uliotaka kuanguka. Musa akamwambia angetaka angeuchukulia ujira. Khidhr hakumjibu kwamba kazi ile haistahili malipo. Aliacha malipo kwa amri ya Mola wake. Wenye mji hawakuwa na haki ya kumdai ukuta wa bure, na sisi tunaidai kila siku.

Sasa swali la fundi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli mashuhuri ni kwamba aliyefanya kazi bila ujira kutajwa hana ujira. Ipo kauli nyingine, kwamba anayejulikana kufanya kazi ile kwa malipo hupewa ujira wa mfano. Nilimwambia asiende kudai kwa yaliyopita, ila kuanzia leo aseme mapema. Bei ya kukisia kwa simu, toa bure. Kupanda bodaboda mpaka Endabash, kupima na kuandika orodha ni kazi. Taja nauli kabla hujaondoka, na ukipewa kazi ikatwe kwenye malipo yako.

Na wewe unayemwita fundi huku umeshaamua kutompa, jiogope. Mtume (s.a.w.) alikataza najash, yaani mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua. Sisemi hili ni najash yenyewe, lakini ni ndugu yake wa karibu.

Mafundi, msishangilie. Masika ikianza bati linavuja, mwenye nyumba anapiga simu, haipokelewi. Simu ya kuitwa kazini ulipokea mlio wa kwanza! Nenda ukaangalie. Kama ulipunguza saruji kwenye mchanganyiko na yeye alikulipia mifuko kamili, Suratul Mutaffifin inakuhusu hata kama hushiki mizani ya dukani. Rekebisha kwa gharama yako. Kama yeye ndiye aliyesema "punguza mifuko", muoneshe mlivyoandikiana. Hamkuandikiana? Hapo ndipo ugomvi wenu unapoanzia, na mimi naletewa kesi isiyo na shahidi.

Na mwenye nyumba, ukidhulumiwa shtaki kwa anayeweza kukusaidia. Kumtangaza fundi kwenye grupu la WhatsApp kabla hujampa nafasi ya kuja kuona ni kumkatia riziki kwa jambo ambalo huenda lingekwisha kwa nusu siku.

Yule fundi wa Mang'ola nilimpigia kumuomba msamaha na kumuuliza nauli yake ilikuwa kiasi gani. Akacheka, akasema keshasahau. Nimemtumia hata hivyo.

Wengi mmeuliza kuhusu fundi aliyekula pesa ya kianzio akahama mji. Hilo tutalizungumza Ijumaa baada ya Alasiri, inshaallah.

Wallahu a'lam.