Tangazo lisilo na bei linamla mkulima bando

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaolipia matangazo kwenye simu za mkononi wana swali la kujiuliza: itakuwaje wateja wakianza kuyafunga? Programu za kuzuia matangazo si jambo geni. Apple iliziruhusu kwenye iPhone Septemba 2015, na mwaka 2016 Opera Mini, kivinjari kinachopendwa kwa kubana matumizi ya data, kikawekewa kizuizi chake chenyewe. Google nayo ilianza Februari 2018 kuondoa kwenye Chrome matangazo yanayokera kupita kiasi.

Sababu iko mfukoni. Hapa kwetu wengi hununua bando la siku au la wiki, na tangazo la video huteketeza MB za msomaji, si za muuzaji. Yaani anayetangaziwa ndiye anayelipia nauli ya tangazo. Mkulima wa Kilosa aliyefungua ukurasa kutafuta bei ya mahindi, akakuta tangazo limefunika kioo chote cha simu, ana kila haki ya kulizuia.

Hata hivyo, duka la pampu na mbegu pale Kariakoo halitaumia mara moja. Vizuizi hivi hufanya kazi zaidi kwenye tovuti; ndani ya Instagram na Facebook nguvu yake ni ndogo. Watakaoumia ni wenye tovuti, yakiwemo magazeti na wanaochapisha bei za mazao. Fedha zao zitahamia kwa kampuni chache kubwa za nje, na Juni 2025 Meta ilitangaza kuwa matangazo yataingia hata kwenye status za WhatsApp. Mkulima wa pamba aliyewahi kubaki na mnunuzi mmoja anaujua mchezo huu, ila safari hii mwenye duka ndiye atakayepangiwa bei.

Atakayekimbilia ujumbe mfupi naye akumbuke kwamba utasomwa jirani na ule wa matapeli wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara.

Mchumi wa Marekani, George Stigler, alionyesha mwaka 1961 kwamba kutafuta bei ni gharama, na tangazo huweza kuipunguza. Sasa tangazo linaloishia “bei njoo inbox” linapunguza nini? Mkulima anataka kujua pampu ya inchi 2 ni shilingi ngapi, duka liko mtaa gani, na kuipakia kwenye basi ni kiasi gani. Hayo yanatosha kwenye picha moja na mistari mitatu, na hakuna atakayehangaika kuyazuia.

Wenye maduka husema wanaficha bei wakihofia jirani atashusha yake. Lakini jirani yuko hatua kumi tu. Akiitaka bei humtuma kijana akajifanya mteja, na kabla ya chai ya saa nne ameshaipata. Asiyeweza kumtuma mtu ni yule wa Kilosa.