Hasheem Thabeet na Ish Smith: Dili moja, safari mbili

Kila Stephen Curry anapofanya yake, mitandaoni Wabongo huwa na utani wao uleule: huyu ndiye aliyeachwa na Memphis ili achukuliwe Hasheem wetu. Utani mtamu, ila unaficha stori nyingine ambayo kwangu inaeleza zaidi kilichotokea. Stori hiyo haimhusu Curry. Inamhusu jamaa mmoja mfupi anayeitwa Ish Smith.

Februari 24, 2011, Memphis Grizzlies na Houston Rockets walibadilishana wachezaji. Memphis waliwatoa Hasheem Thabeet na DeMarre Carroll, wakaongeza na haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza. Houston wakawapa mkongwe Shane Battier pamoja na Ish Smith.

Hasheem alikuwa chaguo namba mbili la drafti ya 2009, futi saba na inchi tatu, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Smith alikuwa na futi sita tu, na kwenye drafti ya 2010 hakuna timu iliyomtaja. Siku ile ungeambiwa uweke hela yako kwa mmoja wao, ungemwekea nani?

Smith alikuja kucheza misimu 14. Alipoanza kuichezea Denver Nuggets msimu wa 2022-23, ilikuwa timu yake ya 13, na hiyo ni rekodi ya NBA kwa mchezaji mmoja. Msimu huohuo Denver wakabeba ubingwa na jamaa akapata pete. Hasheem mechi yake ya mwisho NBA ilikuwa msimu wa 2013-14. Zote alizocheza ni 224.

Hapa lazima tuelewane kidogo, maana wengi tumelelewa na soka. Kwetu mchezaji hawezi kuuzwa Jumatatu akaamka Jumanne ana jezi nyingine bila yeye kukubali. Ataitwa mezani, atakubaliana maslahi binafsi, akikataa dili linakufa. NBA mambo ni tofauti. Ukiondoa mastaa wachache wenye kipengele cha kukataa, mchezaji anapigiwa simu tu: umeenda Portland, ndege saa fulani. Mkataba unasafiri na yeye. Ndiyo maana kule kuna kundi zima la wachezaji wa kuhamahama, na kuhama peke yake si alama ya kufeli. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa ambaye Hasheem alikuwa akifananishwa naye, alichezea timu sita. Nani anamuita feki?

Swali ni kwa nini mmoja anahama miaka 14 na mwingine anahama hadi anatoka nje ya mlango.

Tuanze na Memphis wenyewe. Walimchukua kijana wa Makongo baada ya kufanya maajabu Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa mwisho pale alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi, na timu ikafika nusu fainali ya vyuo. Kwa namba hizo hakuna wa kuwacheka waliomchagua. Tena Minnesota walichagua namba tano na namba sita mfululizo, mara zote mbili wakachukua pleimeka, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na Curry wakamwacha. Mbona wao hatuwaongelei?

Kosa la Memphis lilikuwa jingine. Walishakuwa na Marc Gasol kama senta, kijana na anayepanda. Wiki chache baada ya drafti wakamleta Zach Randolph. Sasa chini ya kikapu kuna watu wawili wanaotaka dakika zote, na wewe una mtoto aliyeanza kushika mpira huu akiwa na miaka kama 15, ambaye dawa yake pekee ilikuwa kucheza. Msimu wa kwanza akapata dakika 13 kwa mechi. Pointi 3.1, ribaundi 3.6.

Februari 2010 wakamshusha Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo ambayo siku hizi inaitwa G League. Kwetu ungesema katolewa kwa mkopo, akirudi yuko fiti maisha yanaendelea. Kule ilikuwa habari ya nchi nzima, kwa sababu hakuna mchezaji wa chaguo la juu namna ile aliyewahi kushushwa. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa na mkia, na mkia huo haukukatika tena.

Lakini nisimtetee kupita kiasi. Hakeem Olajuwon naye alichelewa kuanza, alikuwa kipa huko Lagos kabla ya kukutana na kikapu, na akawa miongoni mwa masenta bora wa muda wote. Joel Embiid wa Cameroon vilevile. Hasheem alikuwa na shida ya faulo za haraka, miguu ilikuwa mizito akivutwa mbali na kikapu, na mikono haikuwa na uhakika anapopokea pasi kwenye msongamano. Mambo hayo yanafundishika. Kwake hayakubadilika kwa kiwango ambacho kocha angelala usingizi.

Houston hakucheza hata mechi kumi. Machi 2012 wakampeleka Portland, na hapa kuna kichekesho cha maisha: waliomsindikiza kwenye dili ni pamoja na Jonny Flynn yuleyule, mwenzake aliyechaguliwa kabla ya Curry. Wote wawili wakabadilishwa na Marcus Camby, aliyebakiza wiki moja kutimiza miaka 38, na ambaye mwenyewe alikuwa chaguo namba mbili mwaka 1996.

Oklahoma City ndiyo sehemu inayonifanya nisikubali neno feki. Msimu wa 2012-13 Thunder walishinda mechi 60 wakiwa na Kevin Durant na Russell Westbrook, na Hasheem alicheza mechi 66. Dakika chache, kama 12, lakini kazi yake ilieleweka: ingia, linda kikapu, weka skrini, ukipewa mpira karibu sukumiza ndani. Alifunga asilimia 60 ya mitupo yake. Hii ndiyo kazi ya mchezaji wa kuhamahama, na kwa msimu mmoja aliiweza.

Tatizo ni kwamba alifika kwenye kazi hiyo akiwa na lebo ya chaguo namba mbili. Smith hakuwahi kuwa na lebo. Yeye akipoteza mpira, watu wanasema ndivyo alivyo, si mbaya kwa bei hiyo. Kila timu inahitaji pleimeka wa akiba anayejua kukimbiza mpira, anayefika leo na kesho anacheza bila kulalamikia dakika. Philadelphia walimrudisha Desemba 2015 wakiwa hoi, timu iliyomaliza msimu na ushindi mara 10 tu, akawapa wastani wa pointi 14.7 na pasi 7 za kufunga. Majira ya joto yaliyofuata Detroit wakampa mkataba wa miaka mitatu. Kumbuka huyu alikuwa nyongeza tu kwenye dili la Battier.

Hasheem naye soko lilimgeuka. Miaka ileile anatoka, akina Curry walishaanza kuufanya mchezo uhamie nje ya mstari wa pointi tatu. Senta wa kusimama chini ya kikapu akaanza kuonekana mzigo. Agosti 2014 Thunder wakampeleka Philadelphia, wakamwacha. Detroit wakamjaribu kwenye maandalizi ya msimu, wakamwacha nao.

Baada ya hapo alicheza Yokohama huko Japan, akarudi Marekani kwenye ligi ya maendeleo na Fort Wayne Mad Ants, akaenda Hsinchu huko Taiwan, kisha akaja nyumbani kuvaa jezi ya Dar City kwenye mbio za kufuzu BAL, akiwa na miaka 38, umri uleule wa Camby.

Na tangu alipoondoka NBA, hakuna Mtanzania mwingine aliyecheza hata dakika moja kule.