Adhabu Ikiisha, Iishe

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Wahenga hao hao wakasema kuteleza si kuanguka. Darasani methali hizi mbili tunafunzwa pamoja, na kila mmoja wetu huzikariri zote apate alama. Lakini nje ya darasa ni lazima mtu achague moja. Wasomaji wapenzi, mimi nimechagua ya pili, na ningependa kueleza sababu zangu kwa kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu atakutana nalo mara tu atakapopata kitambulisho na kuanza kutafuta kazi. Jambo lenyewe ni cheti cha tabia njema.

Nina mjomba, ndugu mdogo wa mama, ambaye tunaishi naye ploti moja huko Kawangware. Mwaka 2014, akiwa na miaka ishirini, alikuwa fundi wa simu katika kibanda kimoja karibu na River Road. Siku moja akaletewa simu ya bei ghali, akaambiwa bei ya kutupa. Alijua, au tuseme alishuku na hakuuliza. Alikamatwa nayo, akafikishwa mahakamani, akakubali kosa na kufungwa miezi sita. Sisemi alionewa. Mwenye simu alikuwa mtu wa jasho lake kama sisi, na mjomba mwenyewe hulisema hilo kabla hujamwuliza.

Alipotoka hakurudi kwenye kibanda. Alibeba mizigo, akaosha magari, akafanya mjengo. Mwaka 2023 akapata mtu wa kumwandika kazi ya kulinda stoo ya vipuri upande wa Kirinyaga Road, bora tu alete cheti. Basi akajaza fomu kwenye eCitizen, akalipa shilingi 1,050, akaenda kupigwa chapa za vidole vyote kumi. Siku cheti kilipotoka alinipa simu nimsomee. Kosa la 2014 lilikuwa pale pale. Miaka tisa ilikuwa imepita, na karatasi haikuwa na habari ya hata mwaka mmoja kati ya hiyo tisa. Tajiri alikitazama, akakikunja, akamrudishia bila neno.

Hapo ndipo rafiki yake alipomwambia, "Wewe nawe! Kwani hujui River Road?"

Nani asiyejua? Hapa Nairobi, ukimwambia mtu kwamba cheti chake ni cha River Road, umemtukana tosha. Watu waaminifu wamejaa katika barabara hiyo: wenye hoteli, wauzaji wa redio, makarani wa mabasi ya kwenda bara. Lakini jina lake limekuwa jina la karatasi bandia. Na soko la karatasi hizo si mzaha. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kuwa imewapata watu 2,067 wenye vyeti vya masomo vya kughushi katika taasisi za serikali. Hao walikuwa wameajiriwa na kulipwa mishahara! Mjomba, aliyeleta cheti cha kweli, alikuwa amekaa nyumbani.

Akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wetu. Nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Kwanza tujue mambo yalivyo. Watu wengi hudhani kwamba rekodi ya jinai ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kwenda kukiangalia kama ratiba ya basi. Sivyo. Zipo rekodi za aina tatu. Ya kwanza ni ya mahakama. Katiba yetu ya 2010 inataka kesi zisikizwe hadharani, na hukumu nyingi za mahakama kuu huchapishwa na Kenya Law na kusomwa na yeyote kwenye intaneti. Ya pili ni ya polisi, yaani zile chapa za vidole. Hiyo jirani hapewi, bali mwenye vidole mwenyewe ndiye huomba cheti, kisha mwajiri humwambia, "Leta." Ya tatu haijaandikwa popote, nayo ni mdomo wa watu. Katika kisiwa kidogo au katika ploti kama yetu, rekodi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Pale kwetu hakuna aliyehitaji cheti kujua habari za mjomba. Mama mboga alijua siku ile ile.

Lakini angalieni ajabu hii. Mdomo wa watu, pamoja na ubaya wake wote, huongeza habari mpya. Yule yule mama mboga aliyejua kwamba mjomba alifungwa ndiye humwachia kibanda chake anapokwenda sokoni alfajiri. Amemwona miaka yote hii na anajua alivyogeuka. Karatasi haina macho. Ilimwona siku moja tu, ikafunga daftari.

Tena chapa za vidole zina historia yake katika nchi hii. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wanaume wakalazimishwa kubeba kipande, kilichotiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani mlikuwa na chapa ya kidole na habari za waajiri, na mtu akitoroka kazi dhalimu, kipande kilimfuata. Kipande ni moja ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaze sauti, akakamatwa, na watu wakapigwa risasi hapa hapa Nairobi Machi 1922. Sisemi cheti cha leo ni kipande. Serikali ni yetu, na mwizi ni mwizi. Nasema tu kwamba babu zetu walijua uzito wa kubeba karatasi inayosema neno moja juu yako maisha yako yote.

Najua wapo watakaonipinga, wakiwemo walimu wangu. Watasema, je, mzazi anayemwacha mtoto wake katika shule ya chekechea hana haki ya kujua ni nani anayemlea? Anayo, tena haki kubwa. Mtu aliyemnajisi mtoto asikaribie watoto, hata ipite miaka arobaini. Na sheria yetu imelifikiria hilo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliagiza pawe na daftari maalumu la waliopatikana na hatia ya makosa hayo. Hoja hii naikubali. Lakini yenyewe inanisaidia. Ikiwa sheria inaweza kutenga kosa hili na kuliwekea daftari lake, basi inajua kuwa makosa si sawa. Kwa nini simu moja ya 2014 ipimwe kwa mizani hiyo hiyo?

Mwingine atasema tajiri ana mali yake na hawezi kulazimishwa kumwamini mtu. Ni kweli. Lakini nimesoma Katiba, Kifungu cha 99, kinachoeleza nani hawezi kugombea ubunge. Kinamzuia mtu ambaye wakati wa kuandikishwa au wa uchaguzi yumo chini ya hukumu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Aliyekwisha kumaliza kifungo chake zamani hakutajwa hapo. Kwa hiyo kwa kipengele hicho mjomba wangu anaweza kugombea kiti cha kutunga sheria za nchi nzima, lakini hawezi kulinda stoo ya vipuri. Jamani, hesabu hii mnaielewa?

Na tusisahau kuwa Mzee Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mtaniambia ile ilikuwa kesi ya siasa za wakoloni na si ya simu, nami nakubali. Lakini angetakiwa kuleta cheti kwanza, kingeandikwa nini?

Sasa nasema la kufanya, maana kulalamika ni rahisi.

Mosi, pawe na sheria kwamba kosa dogo, lisilo la kumwaga damu wala la kumdhuru mtoto, lisionyeshwe katika cheti baada ya muda fulani ikiwa mtu hakurudia. Si jambo geni duniani. Uingereza walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1974, na huko makosa mengi huhesabiwa yamekwisha baada ya muda uliowekwa. Polisi wanaweza kubaki na daftari lao kwa upelelezi. Ninachozungumzia ni kile kinachopelekewa mwajiri.

Pili, watu wafundishwe haki walizonazo tayari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imelitilia nguvu jambo hilo. Nairobi hii watu wangapi wanaitwa jina moja? Anayetafuta jina kwenye intaneti anaweza kumnyima kazi mtu ambaye hata hajawahi kuona kizimba.

Tatu, na hili ni letu sisi wanafunzi. Idara ya upelelezi imewahi kuwaonya wanafunzi kwamba watakaokamatwa kwa kuchoma mabweni wataonekana hivyo katika vyeti vyao baadaye. Sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kuchoma, lakini tunapita mjini jioni, na vishawishi tunavijua: simu ya bei ya kutupa, kifurushi cha "nipelekee tu hapo mbele." Sheria ya Watoto ya 2022 imetuhurumia kidogo, maana ilipandisha umri wa kuweza kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka minane hadi kumi na miwili. Lakini wengi wetu tuna miaka kumi na sita. Mjomba alikuwa na ishirini. Tofauti ni miaka minne tu, na bei ya kutupa haijawahi kuwa ghali namna hiyo.

Mtauliza, je, mjomba alikwenda River Road? Alikwenda, tena nilikuwa naye, nikiwa bado na sare ya shule. Tulifika hadi chini ya ngazi za jengo moja. Akasimama kitambo, watu wakitupita na mizigo. Kisha akasema, "Nikipanda hapa, watakuwa wamenijua kweli." Tukarudi kupanda matatu. Cheti chake cha kweli bado kiko chini ya godoro, naye bado anafanya mjengo, siku iko na siku haiko.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa, kwa sababu nami ningekuwa mdomo mwingine wa kumtangaza. Alifikiri, akasema, "Andika. Jina usitaje. Na useme nilifanya, usinisafishe."

Nimesema alifanya. Ninachoomba ni kwamba hakimu aliyempa miezi sita aaminiwe. Yeye aliiona kesi, akapima, akasema miezi sita. Hakusema miaka tisa, wala hakusema maisha. Sisi ni nani hata tumwongezee?

Hayo ndiyo maoni yangu. Aliye na yake na ayalete toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu