TAMKO LA TAWI: MTO ZIGI UPATE KIFUNGU



Maji tunayokinga Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA ilitafuta Sh bilioni 53.12, ikapata zaidi. Tunapongeza. Ila bomba jipya halizuii tope. Mkulima wa Amani akiacha mita 60 za ukingo wa mto kama sheria inavyotaka, amepoteza sehemu ya shamba, nani anamfidia? Tuliosomea uhasibu tunajua, kisicho na kifungu hakilipwi.

Tunamtaka diwani wetu apeleke hoja halmashauri ya jiji: fungu la kila mwaka la miche na ruzuku, lipitie vikundi vya wakulima wa Zigi. Ndiyo, huko ni Muheza. Tope lake linakuja kwetu.

Maoni yaletwe ofisini kabla ya kikao cha Jumapili.

Katibu wa Tawi