Kisima Kimefunguliwa, Nani Amepima Maji?

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wajumbe wa kamati za maji,

Kila kisima kinapofunguliwa hukatwa utepe, hupigwa vigelegele, na mgeni rasmi hunywa glasi ya kwanza. Maji ni maangavu, ni baridi, wala hayanuki. Hakuna anayeuliza iko wapi karatasi ya maabara. Sisi tunauliza.

Katika miteremko ya Mlima Meru na maeneo yanayouzunguka, maji ya chini ya ardhi hupita katika miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Madini hayo hayana rangi, ladha wala harufu. Kuyachemsha maji hakuyaondoi: mvuke hutoka, floraidi hubaki, na maji yanayosalia sufuriani huwa nayo zaidi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya kudumu yangali yakiumbika ndani ya ufizi huota meno ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyasafisha. Floraidi ikiwa nyingi mno, kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Nani asiyemjua msichana anayeziba kinywa kwa kiganja anapocheka?

Jambo hili si geni serikalini. Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita, kwa kuwa maji mengine hayakupatikana kwa urahisi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. "Muda" huo ulipita miaka 30. Mwaka 2008 kiwango kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 hadi 1.5. Twapongeza. Lakini tuchukue mfano wa kisima kilichopasishwa mwaka 1985 kikiwa na miligramu 6. Maji yake hayakubadilika. Kilichobadilika ni karatasi. Je, nani amerudi kijijini kuwaambia wanywaji kwamba kilichoitwa salama hakiitwi hivyo tena?

Tutajibiwa kwamba kipindupindu huua kwa saa chache, na kwamba afadhali kisima hicho kuliko mto. Hoja hii ina uzito, nasi hatumwambii mtu arudi mtoni. Lakini haihalalishi kuwaficha watu majibu. Mama akijua, atafulia maji ya kisima, na ya kunywa na kupikia atayakinga ya mvua kwenye bati, ambayo karibu hayana floraidi. Atapunguza magadi katika makande, maana nayo huwa na floraidi. Ataulizia chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelishughulikia kwa miaka mingi. Asiyejua hachagui lolote kati ya hayo.

Wala tusiwanyoshee wengine vidole tu. Parokia nazo huchimba visima, mara nyingi kwa fedha za wafadhili wanaongojea picha kabla ya mwaka kwisha. Basi, asipokewe mfadhili wala mchimbaji asiyetenga gharama ya kupima floraidi, naitreti na vijidudu vya kinyesi. Sampuli ichukuliwe kabla pampu haijafungwa, kisha ichukuliwe tena masika na kiangazi. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa penye kisima, yasifungiwe kabatini.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, kila kamati ije na karatasi ya kisima chake. Isiyo nayo ije pia, ieleze kwa nini haina.